Punje ya Pili ya Mama Osmunda

Bisheni. Nawapa nafasi mbishe sasa hivi, kabla sijaanza, maana nikishafika katikati mtajifanya mliamini tangu mwanzo. Nasema hivi: hapa hapa Mbinga yupo mama anayemwita mwanawe kutoka upande wa pili wa dunia kwa kubonyeza punje ya kahawa. Siyo uganga. Wewe uliyekunja mdomo hapo, endelea kuukunja, utaukunjua mwenyewe.

Punje hiyo iliwahi kugoma. Watu watatu ndio walioifanya iite tena. Sikilizeni vizuri vipaji vyao, maana mwishoni nitawadai hukumu.

Wa kwanza ni Gaudensia, mchapaji wa steshenari iliyo nyuma ya soko. Huyu dada ana vidole vyenye macho. Anachapa barua ya mteja huku anagombana na mteja huyo huyo, haangalii kibodi, haangalii kioo, na barua inatoka safi. Ugomvi nao anashinda.

Wa pili ni Zenobius, mchora mabango. Huyu jicho lake lina rula ndani. Akipita akasema ubao wa kinyozi umelala upande, usibishane naye, panda ngazi uunyooshe. Kompyuta haijui kabisa. Simu yake mwenyewe ni ile ya vitufe, tena kimoja kimeng'oka.

Wa tatu ni mimi, Batholomeo, mwenye kibanda cha kuwajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Shule niliishia kidato cha pili. Walimu wanasema shule ndiyo iliyonikimbia mimi. Tuwaache na maoni yao. Kipaji changu ni akili. Mnacheka nini? Akili, nimesema. Na kwa kutafutwa na watu, msinifananishe na hao wawili: simu yangu inaita mpaka inapata moto.

Sasa mama mwenyewe. Mama Osmunda Ndunguru alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika cha kahawa, enzi za taipureta. Waliomjua wanasema akianza kazi, watu wa nje walianua nguo wakidhani mvua imeanza kupiga bati. Halafu kiharusi kikamlaza upande wa kulia wote. Upande wa kushoto, baridi yabisi ilikuwa imekwisha kuvikunja vidole zamani. Kikabaki kidole kimoja tu kinachomtii, cha shahada.

Mwanawe ni mmoja, Alanus, mpishi kwenye meli za mizigo. Alipokuja likizo alimwekea mama yake kompyuta kando ya kitanda, akaiandikia skripti. Usiyejua skripti ni nini usione haya, nipo hapa kwa ajili yako. Ni maagizo unayoyaandika mara moja. Baada ya hapo, ukibonyeza kitufe ulichokichagua, kompyuta inayafuata yenyewe. Mshale wa kipanya unatembea bila mkono wa mtu, unafungua programu ya kupigia simu, unabofya uso wa Alanus, inaita. Juu ya kitufe hicho Alanus akagandisha punje kavu ya kahawa, ili kidole cha mama kiipapase na kujua kimefika.

Najua kuna mjuaji anayetaka kuuliza: si apigiwe tu na Kandida, mpwa wake anayemhudumia, kwa simu ya mkononi? Kandida aliliuliza hilo. Mama Osmunda, mdomo wake mzito lakini maneno yamenyooka, akamjibu:

"Nalishwa. Naogeshwa. Nageuzwa kitandani kama chapati. Mwanangu nitamwita mwenyewe."

Siku moja radi ikapiga. Kioo na kibodi vikaungua, kasha lenyewe la kompyuta likapona. Jirani akatoa kioo kingine, kipana, na kibodi nyingine. Kandida, binti makini, akaibandua punje kwenye kibodi iliyoungua akaigandisha kwenye hii mpya, mahali pale pale kwa kukadiria kutoka pembeni. Mama akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Na wakati ulikuwa mbaya. Katika bandari iliyotangulia Alanus alikuwa ametuma ujumbe kwa Kandida: "Jumapili tunatia nanga, tunapakia, tunaondoka. Baada ya hapo ni miezi hakuna mtandao. Mwambie Mama nitakaa na simu mkononi." Tangu ujumbe huo yuko baharini, ukimwandikia haufiki. Jumapili ikipita na punje ni bubu, Mama Osmunda angebaki na kidole chake na miezi yote hiyo.

Jumamosi asubuhi Kandida akatukusanya. Shikamoo Mama, marahaba wanangu, tukaingia kazini.

Mimi nikafungua skripti nikaanza kuisoma kwa sauti kama padri. "Inasema kitufe ni F4. Hapa hakuna kosa. Kompyuta imechoka tu."

"Umechoka wewe," Gaudensia akasema. "Kandida, ile kibodi iliyoungua iko wapi?"

"Bandani. Kuku wanaitagia."

Ikaletwa, ikafutwa. Gaudensia akaiweka mapajani mwa Mama, akamwambia kwa upole ambao steshenari hatujawahi kuusikia: "Mama, fumba macho. Mwite Alanus." Kidole kikaanzia kwenye kile kinundu cha kitufe cha herufi F, kinachomwongoza mchapaji asiyetazama, kikapanda polepole hadi safu ya juu, kikatua. Gaudensia akainama. Kwenye kitufe kile palikuwa na alama ya gundi: F4. Kisha akang'oa punje kwenye kibodi mpya, tukaona ilichokuwa inakifunika. F5. Kibodi hii ilikuwa nyembamba kidogo, vitufe vyake vimesogea, na punje yenyewe ilikuwa imeficha maandishi. Sisi wote tulikuwa tunaitazama punje, hakuna aliyewaza kutazama chini yake.

"Mama wa watu alikuwa anabisha hodi nyumba ya jirani," akasema Gaudensia, akaigandisha punje mahali pake.

Mama akabonyeza. Mshale ukaamka! Ukakimbia, ukabofya, na kwaya ya Pasaka ikalipuka chumba kizima. Kandida akapiga vigelegele kabla hajaelewa.

"Alanus ameanza kuimba lini?" Mama akauliza, nusu ya uso wake ikicheka.

Hapo Zenobius, aliyekuwa ameegemea mlango kama mtu aliyekuja kuomba maji, akafumba jicho moja. "Rudieni." Tukarudia, kwaya ikaimba. "Rudieni tena."

"Bwana, tumeshaufahamu huo wimbo," nikamwambia.

"Mshale haujapotea," akasema Zenobius. "Unakwenda pale pale ulipofundishwa. Kioo cha zamani kilikuwa kidogo, kile kipicha cha kufungulia programu kilikuwa hapo. Kioo hiki ni kipana, vipicha vimehamia kule, mshale haukuambiwa. Ni kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta wenyewe wamehama. Anabisha hodi, wanaitika wapangaji."

Akatoa kalamu yake ya rangi, akaiweka juu ya kioo akapima, kisha akatuonyesha pa kuupeleka mshale kwa kila hatua. Nikapeleka mshale alipoelekeza, kompyuta ikanipa namba za mahali hapo, nikaziandika kwenye skripti. Hakukosea hata mara moja.

Mama akabonyeza. Mshale ukaenda kwenye programu, ukaifungua, ukaruka hadi mahali pa uso wa Alanus, ukabofya. Lakini uso haukuwa umefika. Mtandao ulikuwa bado unauvuta. Mshale ukabofya patupu, ukamaliza kazi yake, ukatulia. Ndipo uso wa Alanus ukatokea, anatabasamu, na hakuna wa kumbofya.

"Uambie usubiri sekunde chache," akasema Gaudensia.

Tukauambia. Mara ya kwanza ikakubali, tukashangilia. Mara ya pili mtandao ukawa mzito zaidi, mshale ukawahi tena. Tukaongeza sekunde, mtandao nao ukaongeza uvivu. Mama alikuwa ameacha kutazama kioo. Anatazama dari.

Hapo ndipo akili ilipohitajika. Nikasema: "Kosa ni kuupangia muda. Ukiupangia muda, muda ukiisha utaondoka. Uambie usubiri mpaka dirisha lenye uso wa Alanus litokee. Likichelewa, usimame hapo hapo. Likichelewa zaidi, uendelee kusimama." Nikaandika mstari mmoja. Mmoja tu! Mama akabonyeza, mshale ukaenda, ukasimama. Tukasimama nao. Uso ukaja, mshale ukaubofya, ikaita; mwenyewe bado yuko baharini, wa kupokea ni kesho.

Gaudensia akanigeukia. "Hiyo umeitoa wapi, wewe wa kidato cha pili?"

"Kichwani, dada." Simu yangu ikaita mfukoni. Nikaikata. "Watu hawa! Hawaniachi nifanye kazi."

Jumapili, baada ya misa, Mama Osmunda alivishwa kitenge kipya, akaweka kidole juu ya punje, akabonyeza. Mshale ukatembea, ukasubiri. Alanus akatokea na aproni yake, nyuma yake masufuria yanayumba.

"Mama! Nani kakupigia?"

"Kidole changu."

Alanus akajifuta macho kwa aproni. Mama akamuuliza amekula nini. Mpishi wa meli nzima, anaulizwa amekula nini! Wakaongea mpaka honi ya meli ikalia, sura ikaganda, kioo kikawa cheusi. Mama hakuondoa kidole. Alikiacha juu ya punje bila kubonyeza, kama mtu anayemshikilia mgeni mkono mlangoni.

Kisha akamtuma Kandida kwenye kibuyu cha kahawa, akaletewa punje nyingine.

"Wanangu," akasema, "nimewaona. Kila mmoja wenu asingekuwapo, leo ningekuwa naitazama dari. Sasa Alanus ameondoka na jioni zangu ni ndefu. Hiki kitufe cha pembeni, kile ilikopotelea punje, hakina mtu. Nataka mtu wa kumwita kila jioni. Nimuulize amekula nini, amerudi saa ngapi, nani kamuudhi. Kidole changu kinafika hapa na hapa tu, zaidi ya hapo mkono unagoma. Kwa hiyo ni mmoja."

Hapo urafiki ukaisha.

"Mama, bila mimi ungekuwa nyumba ya jirani mpaka leo," akasema Gaudensia. Halafu sauti ikamshuka. "Mama yangu yupo Mbamba Bay, na simu anayo. Tangu niolewe na mtu asiyemtaka, akiiona namba yangu hapokei. Nimeanza kuisahau sauti yake."

Zenobius akasafisha koo. "Mimi nimelelewa na masista. Tulikuwa tunaitwa kwa kengele. Kengele ya uji, kengele ya sala. Sijawahi kuitwa peke yangu."

"Mimi sina shida," nikasema, "ila haki ni haki. Vidole na macho vilifika mlangoni, mstari wangu ndio ulioingia ndani." Simu ikaita tena. "Mnaona? Na bado napata nafasi ya kumpokea Mama."

"Basi tupeane zamu," akasema Zenobius.

Mama akatikisa kichwa. "Mtoto hawekwi zamu."

Mpaka leo hajaamua. Punje ya pili iko kwenye kisahani kando ya kibodi, gundi iko tayari, na jioni tukienda kumsalimia kila mmoja anaitupia jicho huku akijidai anatazama kwingine. Mama ametuambia twende tukamtafutie hukumu kwa watu. Ndiyo maana niko mbele yenu. Wa vidole aliyeujua mlango, wa jicho aliyeijua njia, na wa akili aliyejua kusubiri. Punje ingekuwa mkononi mwako, ungeigandisha kwa jina la nani?

Ngojeni, msianze kupiga kelele. Kaeni. Kuna kipande nimekiruka.

Ile simu iliyoita mara mbili ni kengele. Naitegesha mwenyewe, kwa mlio wa kupigiwa, asubuhi, mchana na jioni. Cheka, wewe wa mdomo, nimekupa ruhusa. Mama yangu alipanda lori la mahindi kwenda Msumbiji nikiwa kidato cha pili. Alinipa simu akasema, "Ishike, nikifika nitapiga." Shuleni simu ni marufuku. Walinitaka nichague, simu au darasa, nikachagua. Wenzangu wote wamebadilisha laini mara ngapi sijui. Yangu ni ile ile. Kwa hiyo ule mstari sikuutoa kichwani. Yeye hakunipangia muda, na mimi sijaondoka.

Mama Osmunda sijamwambia. Sitaki punje ya kuonewa huruma. Ninyi nimewaambia, kwa hiyo amueni upya, bila kunipendelea. Na mkishaamua msinipigie. Njooni kwa miguu mniambie kibandani. Laini nataka ibaki wazi.