Bi Kirembo na Mapaa ya Dhahabu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mwanamke, pakawa na kijiji cha watu waliojua kila kitu bila kwenda popote.

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu alisimuliwa tu, aliishi mjane jina lake Bi Kirembo. Siku moja alikunja mkeka wake, akapanda chombo peke yake. Akaenda, akaenda, akaenda. Maskati akafika. Surati akafika. Malaka akafika. Miaka minne ikapita, akarudi amekonda, akili timamu.

Kijiji kizima kikamzunguka. Jumbe, mkuu wa kijiji, akamtaka aeleze maajabu.

Bi Kirembo akaeleza. Maskati kuna joto hata watu hulala juu ya mapaa. Surati kuna lango kubwa la kale, na mbuzi hujipumzisha chini yake. Bandari ya Malaka ina lugha nyingi, na kwa lugha zote hizo watu hugombania bei ya samaki. Huko aliugua homa, akauguzwa na muuza wali asiyemjua, wakazoeana mpaka akajifunza lugha yake.

Watu wakapiga miayo. Aaah. Aaah.

"Na dhahabu?" akauliza Jumbe.

"Sikuiona, Jumbe."

"Basi ongeza kidogo, Bibi. Watu wameacha mashamba yao kuja kukusikiliza."

"Nitaongezaje nisichokiona?"

Jumbe akamkataza kusimulia tena barazani, akamwita Vuai. Vuai huyu hakuwahi kuvuka hata mto wa kijiji, maana aliogopa maji. Akasimulia Malaka yenye nyumba zilizoezekwa dhahabu, na wafalme wanaopiga mbizi kwenye asali. Makofi, pa pa pa! Wakamchinjia mbuzi. Kesho yake wafalme wakaongezeka, na mbuzi pia.

Bi Kirembo akabaki kwake akiuza vitumbua. Watu walimwita Bibi Hakuona, na jina hilo lilimuuma.

Mwaka wa pili chombo kikavunjika mwambani. Mtu mmoja akatambaa hadi ufukweni, midomo imepasuka, akisema maneno yasiyoeleweka. Vuai akaamriwa kufasiri. Akasema huyu ni mwana wa mfalme, anataka asujudiwe. Wakasujudu, pu! Mgeni akasema tena, sauti imefifia. Vuai akasema anataka ngoma. Wakapiga ngoma, ti ti ti. Mgeni akaanguka.

Bi Kirembo akapenya katikati ya wachezaji, ameshika mtungi.

"Anaomba maji," akasema. "Tangu mwanzo anaomba maji."

Mgeni akanywa, gu gu gu, akafumbua macho. Alikuwa mtu wa Malaka. Alipopata nguvu, Jumbe akamtaka Bi Kirembo amuulize habari za mapaa ya dhahabu. Mgeni akajibu, na Bi Kirembo akacheka hadi akashika mbavu.

"Anasema kwao wanaezeka majani. Yeye ndiye aliyekuja kutazama nyumba zenu za pembe za ndovu."

"Nani kamwambia uongo huo?" akauliza Jumbe.

"Kuna msimulizi kwao, hajasafiri hata siku moja. Mimi nilipokuwa huko niliwaambia mnaezeka makuti. Walipiga miayo."

Basi wakamrudisha Bi Kirembo barazani. Alisimulia siku mbili. Siku ya tatu wakamwita Vuai.

Lakini leo anayekumbukwa ni yule bibi. Na nyinyi mnaonisikiliza, mkitaka kuambiwa mnalolipenda tu, msimsumbue aliyesafiri, jisimulieni wenyewe.

Hadithi yangu naitua hapa.