Chumba cha Tulizana

Jumanne ya tarehe 14 Machi 1995, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinagonga mabati ya Kibamba, Mzee Twalib aliingia bandani na ndoo ya maji akakuta mambo yameharibika. Tulizana, ng'ombe wake wa pekee, mwenye mimba pevu, alikuwa chini kwenye chumba chake, anahema kama mvukuto, kuinuka hawezi.

Banda hilo halikuwa la akili yake. Mradi uliomkopesha ng'ombe ulileta na ramani: chumba cha kulalia cha saruji, mbao ubavuni, ukuta mbele, mnyama alale pakavu kama bibi harusi. Asiyefuata ramani ananyang'anywa ng'ombe. Twalib, aliyeishia darasa la pili, aliwaamini wenye kalamu. Tulizana hakuwaamini. Kila siku alikikataa chumba, akajilaza njiani humo bandani, kwenye mavi. Bwana Didas, msimamizi wa mradi, akaagiza achapwe mpaka azoee, kisha afungiwe kwa boriti nyuma. Jana yake jioni Twalib alichapa, akafunga.

Ng'ombe huinuka matako kwanza, na ili matako yapande, kichwa sharti kitupwe mbele. Mbele palikuwa na ukuta. Tulizana alijisukuma, akagonga paji la uso, akaanguka tena. Magoti yalishachunika.

"Vunja huo ukuta, baba," alisema Demetria, jirani aliyekuja kuchota samadi ya migomba yake.

Twalib alisita. Akiuvunja, mradi utamchukua Tulizana, na tangu mkewe Zuena afariki, hakuwa na mwingine wa kumwamkia. Zuena naye alifia wodini, wagonjwa wawili kitanda kimoja, huku wakubwa wakisema vitanda vinatosha. Ndio hao hao, wa wodini na wa bandani. Basi akawasubiri wenye amri, amechoka hata kukasirika.

Didas alifika adhuhuri. Akatoa shikamoo, akapima chumba kwa futi kamba, akasema vipimo viko sawa, mnyama ni mkaidi tu.

"Tulimpima amesimama," Twalib alisema taratibu. "Akiinuka, hakuna aliyempima."

Demetria aliweka karai lake chini. "Bwana Didas, hebu lala humo wewe. Sie tutashika boriti."

Didas alitazama viatu vyake. Akasema ukuta ni wa mradi, na ruhusa ya kuugusa itatoka mjini wiki ijayo.

Twalib akachukua nyundo. Tofali la tatu lilipodondoka, Tulizana alitupa shingo kwenye upenyo, akasimama, miguu ikimtetemeka kama mlevi. Jioni akazaa ndama jike, mfu.

Ruhusa haikuja. Lililokuja ni gari la mradi: mfugaji amebomoa banda, ng'ombe apewe mwenye kufuata maelekezo. Tulizana akapelekwa Tegeta, kwenye banda jipya la ramani ile ile, ukuta ule ule mbele. Twalib alisimama kwenye matope mpaka mngurumo wa gari ukapotelea barabara ya Morogoro, kisha akarudi ndani, akaketi juu ya tofali.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa hao wanaowachorea wenzao vitanda, nani atawalaza?