Kiwanja cha Bi Siwema

Kamati ya mipango miji ilipanga kumwaga tope la vyoo vya jiji zima kwenye bonde la Mchongomani, kunakolimwa mchicha.

"Leteni pingamizi kwa maandishi," mwenyekiti aliwaambia wakulima huku akicheka.

Bi Siwema, mmoja wao, hakuandika neno. Aliwafuata wajumbe wote tisa ofisini, mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Siku ya kura, wote tisa walilikataa tope. "Bonde lile ni tunu ya taifa!" alifoka mwenyekiti.

Kikao kilipokwisha, alimvuta Bi Siwema pembeni. "Ile hoteli ya kitalii jirani na kiwanja ulichoniuzia kule bondeni, wanaanza kujenga lini?"

"Hoteli gani tena, mheshimiwa? Hebu waulize wenzako. Nao niliwauzia kiwanja hichohicho, kama ninyi mnavyotugawia viwanja vya jiji."