Nyayo Juu ya Majivu

Zamani, kale hasa, kabla bibi wa bibi yangu hajapata bibi, kwenye misitu ya Chota Nagpur huko Bara Hindi, wanyama walijenga nyumba za udongo na kufuata mila za jirani zao Wamunda. Na mila moja, wanangu, sogeeni karibu, ilikuwa hii: mtu akifa, haachwi apotee msituni. Kivuli chake huitwa nyumbani. Sakafu hunyunyizwa majivu laini, mlango hufungwa, watu hukaa nje wakachoma kibanda kidogo cha majani, ndiyo nyumba ya kivuli huko nje, na kugonga vyuma, wakiita. Kisha hufungua na kutazama. Wakiona nyayo, basi marehemu ameingia.

Karmi Kindi alikuwa na wa kumwita. Mumewe, Somra, aliliwa na Mangra Chui Milia, ukabaki mkia tu. Na Mangra hakutosheka. Asubuhi alipita uani akasema, kwa upole kabisa, "Shemeji, jioni nitakuja kuwachukua watoto. Waogeshe."

Karmi akawatazama wanawe wawili ambao hata macho hawajafumbua, akajiuliza ambebe yupi mdomoni, amwache yupi. Hapo akili ikamjia. Alishuka mtoni, penye tope ambapo Mangra hunywa maji, akashindilia udongo wa mfinyanzi ndani ya alama ya unyayo wa Mangra, akauacha juani. Ukakauka, ukawa mguu wa chui milia.

Akauburuta nyumbani. Watoto akawaficha chini ya kapu la maua ya mti wa mahua, kwenye kona ya ndani inakokaa mizimu ya ukoo. Akamwaga majivu, akaufunga ule mguu kamba, akapanda darini na kuushusha, puu, puu, kutoka mlangoni kwenda ndani. Yeye mwenyewe hakukanyaga majivu hata kidogo. Akatokea paani, akauficha.

Jua lilipogusa vilima, Mangra akaja. Ndi. Ndi. Ndi.

"Hodi. Wako tayari?"

"Karibu, shemeji. Ila leo tunamwita Somra. Wewe ndiye wa mwisho kumwona, basi tusaidie kugonga chuma."

Mangra akakuna sikio. Kivuli cha mama yake mwenyewe kilikaa kwenye kona ya nyumba yake. Alijua anayevuruga mwito huu hulaaniwa. "Haya, upesi. Nina njaa."

Kibanda kikawaka. Kang, kang, vyuma vikalia, na Karmi akaita kwa sauti iliyokatikakatika, "Nyumba yako inaungua, rudi kwetu." Ndege wakanyamaza. Moshi ukalala chini, ukapenya chini ya mlango.

Karmi akafungua. Mangra akachungulia, akacheka. "Hizi si nyayo za kindi."

"Si zake. Weka mguu wako hapo pembeni, tuone."

Zikalingana, hadi alama ya ukucha wake mmoja uliovunjika.

"Mimi sijaingia humu," alisema Mangra taratibu.

"Najua, tulikuwa wote nje. Majivu haya hukanyagwa na wafu tu, shemeji. Tangu umle Somra, kuna aliyekuitikia salamu?"

Mangra akafikiri. Hakuna. Kila aliyemwona alikimbia.

"Umekufa, maskini, na hakuna aliyekuambia."

"Mbona naongea nawe?"

"Hata Somra naongea naye." Karmi akasogea kando. "Kivuli chako kimeingia, hakijatoka. Kiko humo kwenye giza kinakungoja. Pita, mkutane."

Kwenye kona, kitu kikachakarisha. Chakara.

Mangra hakusubiri. Alivuka kilima cha kwanza, cha pili, na misitu ile haikumwona tena.

Karmi akacheka na kulia kwa pamoja, akachukua taa kwenda kuwatoa watoto. Akasimama. Kando ya nyayo kubwa kulikuwa na nyingine, ndogo, za kindi, zimenyooka hadi kwenye kapu. Mguu mmoja ulipungukiwa kidole, kama wa Somra tangu aliponaswa na mtego.

Akainua kapu. Watoto walikuwa wamelala fofofo, na kila mmoja ana alama ya majivu kwenye paji la uso.

Karmi akafunga mlango polepole. "Karibu nyumbani, baba watoto," akanong'ona.

Basi mjue, wanangu: mwenye kudhulumu wenzake huogopa hata unyayo wake mwenyewe.