Chungu cha Nyanzala

"Mwenye ghala hatazami moshi, hufunua chungu." Mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka mpaka mkashikana mabega. Yule mkubwa wa wilaya ametazama mabati ya nyumba zetu kupitia kioo cha gari, akasema hapa haoni dalili ya njaa, ndipo mzee Shigela akasimama na kumpa methali hiyo. Haya, mmecheka, na sasa mnakuja kwangu kuuliza maana yake. Kaeni chini, na wewe weka hiyo simu. Hii si methali ya kuchekea. Kuna mtoto alizikwa ndipo ikapatikana.

Methali hii ilianza hivi, kama nilivyoipokea kwa bibi yangu mzaa mama.

Zamani kulikuwa na utemi wa Buhendele, nchi ya mawe makubwa na mtama. Mtemi wake aliitwa Luhende. Msije mkadhani alikuwa mwizi au mlevi, maana ingekuwa rahisi kumchukia. Luhende alikuwa mtu mpole, na ghala lake halikupungua hata punje. Kila msimu raia walitoka na majembe yao wakalima shamba la mtemi kabla ya kugusa mashamba yao. Mavuno yakapandishwa mlimani, yakatiwa ghalani. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu kila mtu alijua ule mtama ni wa nani. Ulikuwa wao wenyewe, umewekwa kwa mwaka wa njaa, na mtemi kazi yake ni kuutunza na kuutoa.

Sasa, ataujuaje huo mwaka? Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Ilikuwa mwiko mtemi kuingia jikoni kwa raia au kuona chungu kilicho mekoni. Walisema jicho la mtemi likiangukia chungu cha mtu, chakula cha nchi nzima kitapungua. Kwa hiyo watemi waliomtangulia walimwachia njia nyingine. Kila asubuhi mtemi alisimama juu ya mwamba na kutazama moshi wa nyumba za bondeni. Moshi ukiwapo, watu wanapika. Moshi ukikatika, afungue ghala.

Huko bondeni nako kulikuwa na desturi yao. Jiko halikuzimwa ila kwa msiba. Mtu akifa ndani ya nyumba, moto unamwagiwa maji, na hauwashwi tena mpaka matanga yaishe. Mwanamke mwenye mtoto hai asingethubutu kuamka na jiko baridi. Ni sawa na kumwita mauti aje kuchukua chake.

Mmeanza kuona? Ngojeni basi.

Mvua ikakataa, na mwaka uliofuata ikakataa tena. Mtama ukaisha majumbani. Watu wakachemsha majani ya porini, kisha mizizi, kisha maji matupu. Lakini kila alfajiri wanawake walichochea moto, kila mmoja akimwombea wake uhai. Na kila asubuhi Luhende alisimama juu ya mwamba, akauona moshi, akashukuru mizimu kwamba watu wake bado wanakula.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwa Nyanzala. Mumewe alikwenda nchi za mbali kutafuta chakula, hakurudi. Alibaki na mama mkwe wake na binti yake mmoja, Kabula, ambaye meno ya utotoni yalikuwa hayajaanza kung'oka. Kabula alipoacha kulia njaa na kuanza kulala mchana kutwa, Nyanzala aliogopa. Akamwachia mama mkwe mtoto na moto, akapanda mlimani.

Wazee wa baraza walitaka kumrudisha, lakini Luhende alimsikia akatoka mwenyewe. Nyanzala akapiga magoti, akasema ana mtoto anakufa, anaomba mtama. Mtemi akamwinua kwa upole, akampeleka mwambani na kumwonyesha bonde lote.

"Tazama, mama. Kila nyumba inapika. Nikimaliza ghala leo, nitawapa nini siku moshi utakapokatika?"

Nyanzala akatazama. Akaiona nyumba yake mwenyewe, na moshi juu yake.

"Ule ni wangu, Mtemi. Chunguni mna maji."

Wazee wakacheka. Mwanamke gani anapika maji? Wakamwambia Luhende kwamba akimfungulia huyu, kesho nchi nzima itapanda mlima kusema inapika maji. Luhende akasitasita. Nyumba haikuwa mbali, angeweza kushuka na kurudi jua halijawa kali. Lakini mwiko ni mwiko, na wazee walikuwa wanamtazama. Akamwambia Nyanzala arudi nyumbani, avumilie.

Avumilie! Neno la mtu aliyeshiba hilo.

Kabula alifariki siku chache baadaye, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake. Nyanzala akachukua maji, akazima jiko. Nyumba ya jirani nayo ikafiwa, ikazima lake, na ya pili yake vivyo hivyo. Ndipo Luhende, juu ya mwamba, akaona moshi umekatika sehemu nyingi za bonde, akasema saa imefika. Ngoma ikapigwa, ghala likafunguliwa, wachukuzi wakajitwisha mtama. Mtemi mwenyewe akatangulia mbele, amefurahi kwamba ametimiza wajibu wake.

Aliteremka kwenye makaburi mabichi. Watu walikuwa wameketi vizingitini, wamenyoa vichwa, na waliopelekewa mtama waliutazama tu. Moto wauwashe vipi, nao wako matangani? Luhende akapita nyumba hadi nyumba, furaha ikamtoka, mpaka akamkuta Nyanzala ameketi nje ya jiko lake. Akamtambua.

"Mama, mimi nilikuwa natazama moshi kila siku," akasema.

Nyanzala hakupiga magoti safari hii. Aliingia jikoni, akatoka na chungu, akakiweka miguuni pa mtemi. Wazee wakageuza nyuso na kumwambia Luhende asitazame. Luhende akainama, akafunua. Ndani mlikuwa na maji, yamepoa, na hakuna kingine.

Akakaa chini pale pale, katika vumbi. Akamwuliza Nyanzala amlipe nini, ng'ombe wangapi.

"Sitaki ng'ombe wako," Nyanzala akamjibu. "Na sikuja mlimani kuomba sadaka. Mtama ule niliulima mimi, nikiwa na mimba ya Kabula. Nililima shamba lako kwanza, langu baadaye, ili mwanangu asife njaa. Wewe kazi yako ilikuwa moja tu."

Na mimi mpaka leo sijui Luhende angemjibu nini.

Hakukaa sana kwenye kiti baada ya hapo. Wengine wanasema wazee walimtoa, wengine wanasema alipunguza kula kidogo kidogo mpaka akaacha kabisa. Ukweli ni kwamba alikufa, na mpwa wake akachaguliwa. Siku ya kumsimika walimwita Nyanzala ampe baraka, kwa sababu hapakuwa na nyumba iliyomdai mtemi zaidi kuliko ya kwake. Watu wakangoja aseme maneno marefu, ya mvua na mifugo na umri mwingi. Yeye alimshika yule kijana mkono, akampitisha katikati ya wazee, akamwingiza jikoni mwake, pale ambapo hakuna mtemi aliyewahi kukanyaga, akauweka mkono wa kijana juu ya kifuniko cha chungu.

"Kabula wangu harudi," akamwambia. "Lakini wewe kumbuka: mwenye ghala hatazami moshi, hufunua chungu."