Chiku Kwenye Kiti cha Mkubwa

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi na sungura kusemezana, ni juzijuzi tu chekechea zilipoanza kuingia vijijini, palikuwa na mwalimu aliyeitwa Semeni. Watoto alikuwa nao tele. Sauti ilikuwa imemkauka. Darasa hakuwa nalo, ila ghala la korosho la Mzee Kibwana, naye Mzee Kibwana alilitoa bure kwa sharti moja.

"Nataka watoto wenye adabu," alisema. "Siku yoyote nitakuja. Nisipoamkiwa, narudisha korosho zangu humu."

Basi Mwalimu Semeni akafundisha kuamkia. Asubuhi akafundisha, mchana akafundisha. "Ukikutana na mkubwa unasemaje?" Watoto wote: "Shikamooo!" Vizuri. Akiwatoa nje, mkubwa akipita, kimya! Macho chini, kidole mdomoni. Akiwarudisha ndani: "Shikamooo!" Akiwatoa tena: kimya. Jamani! Mwalimu alishika kichwa. Hivi watoto hawa walidhani shikamoo ni mali ya ghala, haitoki mlangoni?

Akabuni mchezo. Akaweka kiti mbele ya darasa, mtoto mmoja akikalie awe mkubwa. Wengine wapite mmoja mmoja, "Shikamoo," na wa kitini aitike, "Marahaba." Mchezo ukanoga kweli. Balaa likawa Chiku. Chiku akikalishwa kitini, hatoki. Ukimtoa analia mpaka anapaliwa, na akilia yeye wanalia wote. "Haya, kaa!" alisema mwalimu, amechoka. Siku hiyo akakaa Chiku. Kesho yake akakaa Chiku. Kesho kutwa, nani tena? Chiku.

Bi Havijawa, mpishi wa uji, aliagizwa asimmiminie uji mtoto asiyemwamkia. Wenzake Chiku waliamkia upesi, maana uji ni uji. Chiku alinyoosha kikombe tu, kimya. "Masikini, kadogo haka," Bi Havijawa alisema, akamimina. Kesho yake akamimina tena.

Na nyumbani kwa akina Chiku kulikuwa na Babu Mrisho, na utani wake na mjukuu. Kila jioni akitoka shamba alivua kofia, akainama mlangoni: "Shikamoo, mke wangu." Chiku, mikono kiunoni: "Marahaba, mume wangu." Nyumba nzima ikacheka.

Siku ikafika. Mzee Kibwana akaingia ghalani, akasimama, akangoja. Watoto kimya. Chiku yuko kitini, akamtazama mzee juu mpaka chini, naye akangoja. Mzee akakohoa. Chiku akaona labda mgeni huyu ana haya, akaamua kumsaidia.

"Marahaba," akasema.

Mwalimu Semeni alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mimi?" Mzee Kibwana alifoka. "Mimi nimwamkie kitoto hiki? Sasa sikiliza, Mwalimu. Kesho, baada ya swala ya adhuhuri, aliyemharibu mtoto huyu aje kwangu aniombe radhi mbele ya wazee. Mtu mmoja, sitaki msafara. Akija asiye na kosa, korosho zinarudi. Asipokuja mtu, zinarudi vilevile. Mtasomea juani."

Jioni mwalimu na Babu Mrisho na mjukuu wake wakakutana jikoni kwa Bi Havijawa, na hapo ndipo mwalimu alipotaka kulia kwa hasira.

"Kiti nilimpa ili wenzake wapate kusoma," alisema. "Ningefanyaje, nimzibe mdomo? Lakini uji, Bi Havijawa, uji nilikukataza!"

"Ulitaka nimlaze njaa mtoto wa watu?" Bi Havijawa akajibu. "Wewe uliyesomea kufundisha umeshindwa, uje kuniuliza mimi na mwiko wangu? Muulize huyo babu, mtu mzima na ndevu zake, anamwinamia mtoto kila jioni!"

"Utani sikuuanza mimi," alisema Babu Mrisho. "Bibi yangu aliniita mume wake, na watu niliwaamkia vizuri tu. Halafu Kibwana ni mdogo kwangu kwa umri! Nimembeba mgongoni yule, kamasi zinamtoka. Yeye ndiye wa kuniamkia mimi. Nikienda kumwinamia kesho, hao watoto watajifunza adabu gani?"

Mwalimu Semeni akamgeukia Chiku, aliyekuwa akilamba mwiko. "Na wewe mama, kwa nini hukumwamkia yule mzee?"

"Nilimwamkia," alisema Chiku. "Siku ile, njiani. Hakuitika. Alisema mmh."

Watu wazima wakatazamana. Ilikuwa kweli, na wote walijua. Mzee Kibwana akiamkiwa na mtoto huguna tu na kwenda zake. Watoto walimjaribu, wakachoka. Sasa nani atakwenda kumwambia hivyo mwenye ghala, na ufunguo wa ghala uko mfukoni mwake?

Usiku ukapita hawajaamua. Adhuhuri ikaingia, watu wakaswali, na magunia ya korosho yakaletwa yakapangwa mlangoni, watoto wakiyaruka kuingia darasani. Mwalimu Semeni akajitanda khanga, akatoka, akasimama. Akienda yeye, atakuwa amekiri mbele ya wazee kwamba hajui kufundisha, na nani atamletea mtoto tena? Akienda Bi Havijawa, ataomba radhi kwa kumlisha mwenye njaa. Akienda babu, mkubwa atamwinamia mdogo wake kwa ajili ya salamu. Na akienda mtu kumweleza mzee kwamba mwenye kosa ni yeye, basi hilo ghala wasilitarajie tena.

Haya, nyinyi mnaocheka, semeni. Msiniambie waende wote, mzee kataka mmoja. Msiniambie Chiku, Chiku amekwisha rudi kitini. Wazee wamekaa barazani wanatazama njia, na mwalimu bado amesimama pale mlangoni, mguu ndani, mguu nje. Je, nani alistahili kwenda?