Udongo wa Bibi Kidee

Paukwa!

Pakawa!

Wewe pale nyuma hujajibu, nimekuona. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, sufuria yenyewe haijajulikana, watu walikaa chini ya jiwe kubwa. Kwao mtu akifa anapakwa udongo mwekundu uliosagwa, umechanganywa na mafuta, mwili mzima, ndipo azikwe. Bila udongo, huko aendako hapokelewi.

Sasa palikuwa na Bibi Kidee. Huyo alijua yote: nani kazaa na nani, mzizi gani unaua, maji yako wapi. Siku moja akaamka mdomo umekwenda upande. Sauti hakuna. Mmm, mmm, basi.

Na kwao, asiyesema kishakwenda. Mkwe wake, Nyamwi, hata hakungoja. Akashika jiwe, akaanza kumsagia udongo wa mazishi. Kwaru, kwaru, kwaru. Na bibi anamtazama! Mie ningemng'ata, ha!

Ukame nao ukaja. Chemchemi ikakauka, watoto ndimi nje. Ntandu, mwanawe bibi, mumewe Nyamwi, akasema kesho tunahama, popote pale, na mama atabaki, maana hatembei. Bibi akasema mmm, mmm, akanyoosha mkono. Wakadhani anawaaga.

Asubuhi wanafunga mizigo, bibi akatambaa. Tambaa, tambaa, mpaka kwenye kibuyu cha udongo. Akachovya vidole, akapaka lile jiwe kubwa.

Nyamwi akasema, "Mama, huo ni wa kukuzikia. Ukiisha hatuna mwingine."

Bibi akapaka tu. Mgongo mkubwa. Masikio. Mkonga umezama chini. Ntandu kugeuka, tembo mwekundu huyo! Akarusha mkuki. Kwaa! Ncha ikakatika. Shujaa kapigana na jiwe! Lakini msimcheke sana, kwao hakuna aliyewahi kuona mnyama ambaye hayupo.

Juu ya tembo bibi akaweka kilima chenye vichwa viwili. Udongo ukaisha.

Nyamwi akatazama. Akatazama tena.

"Kilima hiki nakijua, kiko njia ya kwetu. Na tembo huyu anachimba. Mama anasema tukachimbe."

"Mama hasemi," Ntandu akajibu.

"Anasema. Wewe ndiye huangalii."

Wakambeba bibi kwa zamu. Wa kwanza kumbeba nani? Nyamwi, yuleyule msaga udongo. Wakafika kilimani: mto mkavu, mchanga mtupu. Wakachimba. Chimba, chimba, chimba. Mchanga ukalowa. Maji yakaja, chwii! Watoto wakanywa, bibi akanyweshwa kwa kiganja.

Akaishi miaka tele, mpaka Nyamwi naye akaota mvi. Alipokufa kweli, wakataka kumsagia udongo mwingine. Nyamwi akakataa. Akasema udongo wa mama uko palepale alipoupaka mwenyewe. Wakamrudisha, wakamzika chini ya tembo wake. Tangu hapo, kila aliyekuwa na neno zito moyoni alikuja na udongo wake angali hai, akaliweka kwenye ukuta wa jiwe lile. Jiwe likajaa twiga, watu, viganja.

Basi wanangu, aliyenyamaza msimsagie udongo. Mpeni apake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeiegemeza ukutani, mwenye vidole aiendeleze.